Daftari la Mwalimu na Jarida la Wataalamu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huambiwa zaidi mwenye duka. Mimi niliyetumia umri wangu katika ualimu, na miaka mingi ya umri huo katika vyuo vya ualimu hadi nikastaafu nikiwa mkuu wa chuo, naiona kuwa inamhusu mwalimu kuliko hata mwenye duka. Taifa letu lilikusanya mali kubwa ya ujuzi wa kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Hesabu ya waliofundishwa tunayo. Lakini habari ya namna walivyofundishwa, kwa maneno ya wale waliowafundisha, ni haba sana. Nataka kueleza kwa nini imekuwa hivyo, nikitumia yale niliyoyaona nilipopeleka makala katika jarida la wataalamu wa elimu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mwaka 1967 ilikadiriwa kuwa watu wazima 67 katika kila 100 nchini Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, ukisaidiwa na UNESCO, nao ulikuwa na vitabu vya kusomea vilivyohusu pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa uliofanywa na watu zaidi ya milioni tatu, na idadi ya wasiojua kusoma ikaonekana kushuka hadi asilimia 39. Mwaka 1977 ikawa 27, mwaka 1981 ikawa 21, mwaka 1983 ikawa 15, na mwaka 1986 ikatangazwa kuwa asilimia 9.6.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Walikuwa walimu wa shule za msingi baada ya saa za kazi, watumishi wa serikali, na vijana waliomaliza darasa la saba. Nami nilikuwa mmoja wao, kijana niliyetoka chuoni karibuni. Tulifundisha jioni, chini ya mti au katika jengo la ushirika, kwa ubao mmoja na taa ya chemli.

Katika madarasa hayo tulijifunza mambo ambayo hatukuyasoma chuoni. Husemwa kwamba Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini mkulima wa kahawa akikutana na neno "mbuni" ubaoni atalisoma vipi? Mti wa kahawa ni m-bu-ni, silabi tatu. Ndege yule mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, silabi mbili. Herufi ni zile zile. Au neno "barabara": ukikaza sauti mahali pamoja ni njia kubwa, ukikaza mahali pengine ni sawasawa. Mtoto huuliza mara moja na kuendelea. Mtu mzima husimama. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, basi herufi nazo zina siri." Tangu siku ile nilianza kuandika katika daftari maneno yaliyowasimamisha wanafunzi wangu, ni wangapi walisimama, na ni kipi kilichowavusha.

Nilipokuwa mkufunzi, katika miaka ya 1980, niliona vyema kulitoa daftari hilo kwa watu. Nikaandika makala juu ya kufundisha silabi ngumu kwa watu wazima na kuyapeleka katika jarida moja la elimu, ambalo lilichapa kwa Kiingereza tu. Kwa wasiojua utaratibu wake, ulikuwa hivi: unapiga chapa kwa taipureta, ukiacha nafasi kubwa kati ya mistari; jina lako unaliweka katika karatasi ya peke yake, ili msomaji atakayeyapima makala asijue ni ya nani; kisha unatuma nakala kwa posta na kungoja kwa miezi. Makala yangu ya kwanza yalirudi, ya pili yakarudi, ya tatu yakachapwa. Kila yaliporudi yalikuja na maoni, nayo maoni yale yalikuwa ya aina tatu.

La kwanza lilikuwa swali: umejuaje? Hili lilikuwa swali la haki, nami nililijibu kwa furaha kwa sababu daftari lilikuwa na hesabu zake. Hata leo nawashukuru watu wale nisiowajua. Mwalimu anayesema "njia hii inafaa" hana budi kuonyesha imemfaa nani, na wangapi haikuwafaa.

La pili lilinitaka nioanishe kazi yangu na mjadala mkubwa wa usomaji, yaani kama mwanafunzi aanze na neno zima au aanze na sauti za herufi. Niliusoma mjadala huo. Ni wa maana, lakini ulikomaa katika lugha ambayo herufi nne o-u-g-h husomwa kwa sauti mbalimbali kadiri ya neno. Kiswahili hakina taabu hiyo, kina taabu zake. Aliyekuwa karibu nasi zaidi ni Paulo Freire wa Brazil, ambaye kwa Kireno aliweza kuchukua neno "tijolo", maana yake tofali, akalivunja kuwa ti-jo-lo, kisha wanafunzi wakapanga ta-te-ti-to-tu na kuunda maneno yao wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

La tatu ndilo lililonifikirisha zaidi. Niliombwa nimweleze msomaji wa nje silabi ya Kiswahili ni nini, m ya "mtu" inasimamaje peke yake, ng' inatofautianaje na ng. Nikaeleza. Nilipomaliza, karibu nusu ya kurasa nilizoruhusiwa zilikuwa zimekwisha kwa mambo ambayo kila mwalimu wa Tanzania anayajua, na lile jipya likabaki limebanwa mwishoni.

Makala yalipochapwa nilifurahi, sikatai. Lakini wanachuo wangu wa Daraja la A walisomeshwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili walikwenda kufundisha. Jarida lilikaa maktaba likiwa safi. Basi nikayaandika upya kwa Kiswahili, nikayapiga kwenye stensili, nikagawa nakala. Nakala zile ziliraruka kwa kushikwashikwa.

Msomaji atauliza, yana uzito gani hayo leo? Yana uzito. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa watu wazima wapatao 30 katika kila 100 hawajui kusoma. Kweli, sensa humuuliza mtu na mtihani humpima, kwa hiyo hesabu hizo si za kulinganishwa moja kwa moja. Hata hivyo kazi haikuwa imekwisha. Mwaka 2013 watoto wa darasa la pili walipimwa kwa kuhesabu maneno wanayosoma kwa dakika moja. Kipimo hicho kina faida yake. Lakini "hatutawaandikia" ni neno moja kwetu, na Mwingereza atahitaji maneno sita kusema jambo hilo hilo. Anayelinganisha mbio za mtoto wetu na za mtoto wa Uingereza kwa idadi ya maneno amelinganisha hatua za tembo na za sungura. Mwaka 2015 ulipoletwa mtaala mpya wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili, nilitamani walimu vijana wangekuwa na rafu nzima ya maandishi ya wale wa 1975. Wengi wao wamekufa na madaftari yao.

Wala isisemwe kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba utaalamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimechapa majarida ya Kiswahili na Mulika kwa miongo mingi, na wataalamu wa lugha na fasihi wamebishana humo kwa Kiswahili fasaha. Lililowezekana kwa wanaoichambua lugha linawezekana pia kwa wanaofundisha kuisoma.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu unayesoma kurasa hizi, ukiwa na jambo ulilolithibitisha darasani, liandike pamoja na hesabu zake. Lipeleke kwa wataalamu, uvumilie maswali yao, kwa maana mengine yatakufaa. Lakini nakala ya Kiswahili usiache kuiandika. Hiyo ndiyo itakayomfikia mwalimu wa kijijini anayesimama kesho asubuhi mbele ya ubao, akiwa na neno "mbuni" na watu arobaini wanaongoja.