SAMAKI 153: HESABU NI YA KWELI, LAKINI USIUZIWE

Leo fungua Biblia yako, na uweke kalamu karibu. Tuko Yohana 21:11. Petro anavuta jarife hadi pwani, na Yohana anatuambia idadi ya samaki. Hasemi walikuwa kama 150. Anasema 153.

Kwa nini 153? Watu wa Mungu wamejiuliza kwa karne nyingi, na namba yenyewe ina maajabu yake. Jumlisha 1 + 2 + 3, endelea hadi 17. Jibu ni 153. Sasa chukua tarakimu zake: 1×1×1 ni 1, 5×5×5 ni 125, 3×3×3 ni 27. Jumlisha. Ni 153 tena! Kisha chagua namba yoyote inayogawanyika kwa 3, tuseme 12, ukaifanyie vivyo hivyo. Utapata 9, halafu 729, 1080, 513, na mwisho 153. Kila namba inayogawanyika kwa 3 huishia hapo hapo.

Augustine, askofu wa Hippo hapa Afrika, katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliyefariki mwaka 430, aliiona ile 17. Akafundisha kwamba amri ni 10, na 7 ni namba ya Roho Mtakatifu. Kwake, 153 walikuwa picha ya watakatifu wote, wanaoishika sheria kwa msaada wa Roho. Jerome, aliyeishi wakati huo huo, alisema waandishi wa habari za samaki walihesabu aina 153, kwa hiyo jarife lilibeba watu wa kila aina. Unaona, mpendwa? Wasomi wawili wakubwa, kizazi kimoja, mstari mmoja, maana mbili.

Tena, zaidi ya miaka 200 kabla ya Petro kuvua samaki hao, Archimedes wa Syracuse alikuwa anapima duara. Katika hesabu zake aligawanya 265 kwa 153 ili akaribie kipeo cha pili cha 3. Hakuwa na Injili mkononi. Namba ilikuwa tayari na tabia zake, kwa sababu Muumba wetu ni Mungu wa utaratibu.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukiambiwa utume shilingi 153 ili wavu wako ujae, usitume. Hiyo ni karo ya mtoto, ni unga wa jioni. Yohana hakuambatanisha bei yoyote na namba hii, wala hakutupa maana ya siri. Alitupa hesabu, kama mtu aliyekuwepo samaki wakihesabiwa.

Alichokitilia mkazo kiko wazi. Walivua usiku kucha bila kitu. Wakatii sauti. Samaki wakawa wengi, na jarife halikupasuka.

Halafu rudi nyuma kidogo, mstari wa 9. Wanafunzi waliposhuka pwani, walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wale 153 walikuwa bado ndani ya wavu! Yesu alikuwa ameshaandaa chakula kabla hajapokea samaki hata mmoja kutoka kwao.

Mpendwa, anayekuita kula hakudai kiingilio. Furahia hesabu, lakini umtegemee Yeye. Kama umepokea, andika AMINA. Ubarikiwe.