Shanga za Kisimani na harusi ya Kua



Leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Mwaka juzi alitujia mteja akitaka gauni la nikaha lenye shanga za kwetu, za zamani, siyo zile lulu za plastiki tunazozifuata Kariakoo. Sisi wenye cherehani tukaona kazi nyepesi. Tulishasikia kwamba pwani ya Kisimani, huku Ndagoni, shanga za kale hutoka mchangani bamvua likishapita. Tukaenda na kopo tupu la maziwa ya unga, tukarudi na shanga kumi na saba: nyekundu iliyoiva kama tofali, manjano, kijani, na moja ya buluu yenye ufa.

Bahati nzuri mteja alibadili mawazo, akataka shela ya kudarizi. Kopo likabaki rafuni pamoja na vifungo.

Tumezaliwa Mafia, tumesoma hapa, na hakuna siku tuliyopelekwa kuona Kisimani. Wageni wa hoteli za Utende hupelekwa kwa boti kutazama magofu ya Kua na Chole, wana mtembezaji na kofia za jua. Sisi huenda pwani kutafuta pweza, tukayapita mawe ya mji wa kale kama tunavyopita mawe mengine. Kwa hiyo mwaka huu vijana wachache walipoandaa matembezi ya urithi kwa ajili ya kina mama peke yao, tulikuwa wa kwanza kutaja majina yetu. Kopo tukalitia mkobani, tujue ni vitu gani.

Safari ilianza maji yakipwa, kwa miguu, kutoka kijijini kuelekea rasi. Tulikuwa wachanganyiko: mabibi wa heshima, mabinti wawili waliokwisha kuchumbiwa, na somo mmoja ambaye hakuacha kuwafunda njia nzima. Tuseme ukweli, ukifika Ras Kisimani ukitegemea majumba utasikitika. Kuna misingi ya mawe, kuna vigae, kuna mchanga. Sehemu kubwa ya mji imechukuliwa na bahari, msikiti wake wa kale pia.

Lakini mji huu ulikuwa mji kweli. Tarikh ya Kilwa inasema Ali bin al-Hassan, mtawala wa kwanza wa Kilwa katika ukoo wa Washirazi, alimweka mwanawe kuitawala Mafia. Neville Chittick, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alichimba hapa Kisimani na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1961. Alikuta sarafu za Kilwa, vigae vya vyombo vya nchi za Kiislamu na vya Uchina, na shanga za kioo. Vyombo vilivyopeleka dhahabu ya Sofala kaskazini vilipita bahari hii yetu. Mwanamke wa Kisimani miaka mia saba iliyopita aliweza kuvaa shingoni kitu kilichotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kama sisi leo tunavyovaa abaya za Dubai. Hapo ndipo kopo lilipoanza kutuwasha mkobani.

Mtembezaji alisimulia kisa cha fundi mwashi. Wazee husema mfalme wa Kisimani alijengewa jumba zuri mno, na kazi ilipokwisha akaamuru fundi akatwe mikono asije akamjengea mwingine jumba kama lile. Haikupita miezi mingi, bahari ikaja juu ikauzamisha mji. Kisa ni kifupi na mtembezaji alikipita haraka. Sisi tunaokula kwa mikono yetu tulinyamaza kwa muda.

Kisha akaja kwenye kisa cha harusi, na hiki ndicho mabinti walichokuwa wakikingoja. Watu wa Kua, mji wa kisiwa cha Juani, waliwaalika watu wa Kisimani harusini. Karamu ikaandaliwa katika chumba cha chini ya nyumba. Wageni wakala, wakanywa, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, mpaka akabaki mzee mmoja akiwachekesha kwa hadithi. Wageni walipogutuka, mlango ulikuwa umekwisha kuzibwa kwa mawe. Hakutoka mtu.

Mabinti wakashika midomo. Mmoja akasema, "Kumbe watu wa Kua wabaya!" Hapo bibi mmoja, aliyekuwa nyuma yetu akitafuna tambuu, akasema: "Mwanangu, umeanza hadithi katikati. Chombo umekiacha wapi?"

Kijana akacheka kwa haya, maana alikijua. Kisa kamili kinaanza huku kwetu. Watu wa Kisimani walijenga chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kukishusha majini. Katikati ya furaha wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani, na chombo kikashushwa juu ya miili yao. Watu wa Kua walikaa kimya miaka saba au minane, mpaka ilipodhaniwa wamesahau. Ndipo wakatuma mwaliko wa harusi.

Dada zetu, fikirini kwa nini ilikuwa harusi. Muislamu akialikwa walima huitikia, hiyo ni haki ya mwenzake juu yake. Watu wa Kua wangeita baraza au soko, watu wa Kisimani wangeingiwa na shaka. Mwaliko wa harusi haukataliki. Na jambo lililotukera ni kwamba katika kisa chote bibi harusi hana jina, wala hatusikii kama alikuwapo. Somo wetu aliuliza waziwazi: binti alijua? Hakuna aliyemjibu.

Kwa haki ya historia tuongeze hili. Majengo mengi yanayosimama Kua ni ya karne ya 18, na mji huo uliangamia mwanzoni mwa karne ya 19 ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Kisimani ilistawi mapema zaidi, karne nyingi kabla ya majumba hayo. Kwa hiyo kisa hiki si hati ya mahakama. Huenda kimebeba ugomvi wa kweli wa watu wa visiwa hivi, kikavishwa majina ya miji miwili mashuhuri. Lakini bibi alikuwa na haki ya kudai chombo chake. Ukianzia harusini, sisi wa Ndagoni tunakuwa wana wa waliodhulumiwa. Ukianzia kwenye chombo, mambo hubadilika. Mgeni anayelipa apewe kisa chote, na watoto wetu pia.

Tukalifungua kopo mbele ya wote. Kijana akaangalia, akatueleza bila kutufokea kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kwamba kuvikusanya kunataka kibali. Shanga ikishaondolewa mahali pake, mtafiti hawezi tena kujua ilikuwa ya nyumba ipi wala ya zama gani. Tukajitetea: tukiziacha, si bahari itazichukua? Akakubali kwamba itazichukua nyingi, ndiyo maana inatakiwa kuziandika zilipoonekana na kutoa taarifa. Hatukuridhika sana na jibu hilo, na mpaka leo hatujaridhika. Kila mwaka ufuko unaliwa na taarifa hazikimbii kama maji.

Hata hivyo tulipita kijijini kwa mwenyekiti. Shanga kumi na saba zikahesabiwa, zikaandikwa daftarini pamoja na mahali tulipoziokota, zikabaki kwake zikisubiri watu wa Mambo ya Kale. Ule wa buluu tuliutazama mara ya mwisho juani. Tundu lake ni dogo mno, sindano yetu namba tisa isingepita, na aliyeutunga alikuwa na uzi mwembamba kuliko wowote tulio nao dukani.

Mmoja wa wale mabinti anaolewa baada ya Idi, insha'Allah. Ameagiza gauni lenye lulu za Kariakoo, na amemwomba yule bibi aje siku ya singo awasimulie wanawake kisa cha Kua, kuanzia kwenye chombo.