Safari ya Maneno ya Kifaransa hadi Nairobi

Msomaji mpenzi, ukipata nafasi ya kuwa Nairobi mwezi wa Juni, siku ya kusomwa kwa bajeti, simama kando ya barabara ya Harambee karibu na jumba la Hazina. Utamwona Waziri wa Fedha akitoka nje, amezungukwa na wasaidizi wake, naye ameinua mkoba mkononi ili wapiga picha wauone vizuri. Watu wengi huudhani mkoba huo kuwa pambo tu la siku ile. Kumbe mkoba ndio neno lenyewe. Wafaransa wa zamani walikuwa na mfuko mdogo wa ngozi ambamo walitia fedha na hati zao, wakauita bougette. Waingereza wakalichukua jina hilo na kuligeuza matamshi. Kwanza likawa jina la mfuko, kisha la vitu vilivyomo ndani yake, na mwisho likawa jina la hesabu ya mapato na matumizi ya nchi nzima. Sisi tukalipokea kwa Waingereza, tukasema bajeti. La ajabu zaidi ni kwamba baadaye Wafaransa wenyewe walilikopa tena kutoka kwa Waingereza, wala hawakumtambua mtoto wao aliporudi nyumbani amevaa nguo za ugenini.

Nimelitanguliza neno hili kwa sababu mara nyingi huwasikia vijana wakikidharau Kiswahili kwamba ni lugha ya kuombaomba, nusu Kiarabu na nusu Kiingereza, kana kwamba Kiingereza chenyewe kilizaliwa kimekamilika. Basi nifuate toka katikati ya jiji mpaka vitongoji vyake vya magharibi, tuyaulize maneno machache ya kila siku habari za kwao. Lakini kabla hatujaondoka hapa barabarani, sharti nikusimulie habari ya vita.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake, akamshinda Harold, mfalme wa Waingereza, karibu na Hastings. Na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo akavikwa taji huko Westminster. Wanormandi walikuwa wazao wa mabaharia wa kaskazini, ambao mwaka 911 walipewa nchi na mfalme wa Wafaransa. Nao walikuwa wamekwisha kuiacha lugha ya babu zao na kusema Kifaransa. Mashamba makubwa, vyeo na uaskofu vikawaangukia wao. Mwingereza akabaki kulima na kuchunga. Kwa muda wa karne tatu hivi, mtu aliyetaka kusikilizwa mbele ya wakubwa ilimpasa ajue Kifaransa, na Kiingereza kikawa lugha ya shambani na jikoni. Hakikufa, kwa kuwa wenyewe walikuwa wengi. Walakini kilipopanda tena barazani, kilipanda kimebeba maelfu ya maneno ya wale waliokikalia. Na tazama ni maneno ya namna gani! Mvua, mkono, mama, mkate na maji Waingereza huyataja hata leo kwa maneno ya mababu zao. Ya Kifaransa ni yale ya kutawala, ya kuhukumu, ya kutoza na ya kula vizuri.

Hatua chache kutoka Hazina tunafika City Hall. Hapa palikuwa na meya tangu zamani za ukoloni. Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, mwaka 1962. Meya ni neno la Kifaransa lenye asili ya Kilatini, na maana yake ni aliye mkubwa zaidi. Mwaka 2013 meya aliondoka, akaingia gavana wa kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Wazee waliposikia neno gavana linarudi waliguna kidogo, maana walikuwa wamelizika mwaka 1963 pamoja na magavana wa Mwingereza. Wangejua asili yake pengine wangelisamehe: Wafaransa walilipata kwa Warumi, na Warumi kwa Wayunani, nalo lilihusu kushika usukani wa chombo baharini. Kaunti nayo ilikuwa nchi iliyo chini ya mtukufu aliyeitwa conte. Cheo hicho hakikupata kukubaliwa Uingereza, kwani Waingereza walishikilia jina lao wenyewe la cheo kama hicho. Lakini jina la nchi yake walilipokea, na leo Kenya ina kaunti 47, na Nairobi ndiyo ya 47.

Tukivuka barabara ya Uhuru na kupanda kilima tunafika kwenye mahakama za Milimani. Hapa, msomaji, ningependa tukae zaidi. Sikiliza maneno yanayosemwa ukumbini: wakili, shahidi, hakimu, rufaa, mahakama. Hayo yote tuliyapata kwa Waarabu, waliotutangulia katika mambo ya sheria za kuandikwa. Kisha sikiliza mengine: kesi, korti, jaji, faini, jela. Hayo tumeyapata kwa Waingereza, nao wakayapata kwa Wanormandi. Faini ilitoka katika neno lenye maana ya mwisho. Ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. Jela ilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kizimba kidogo, kama cha ndege. Nasi bila kufundishwa na Mrumi yeyote, mahali anaposimama mshtakiwa tumepaita kizimbani. (Neno letu jingine la jela, yaani gereza, lina kisa chake: ni neno la Kireno la kanisa. Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyojengwa na Wareno, ilitumiwa kuwa kifungo na Waingereza mpaka mwaka 1958.)

Sasa fikiri hali ya mkulima wa Kiingereza wa karne ya 14. Amefikishwa mbele ya jaji kwa ajili ya mpaka wa shamba au mbuzi aliyepotea. Wakili wake anasema Kifaransa. Wakili wa adui yake anajibu kwa Kifaransa. Jaji anatoa hukumu, na mwenye shauri hajui kama ameshinda au ameshindwa mpaka atazame nyuso za watu. Malalamiko yalizidi hata mwaka 1362 ikatungwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa yaliyosemwa kwa kuwatetea wala kwa kuwashtaki. Na sheria hiyo yenyewe, usicheke, iliandikwa kwa Kifaransa! Wanasheria hawakuwa na haraka. Kifaransa chao, kilichokwisha kuchakaa hata Mfaransa asingekielewa, kiliendelea kuonekana katika maandishi ya sheria kwa karne nyingi, mpaka ilipoanza kutumika mwaka 1733 sheria nyingine iliyoamuru Kiingereza peke yake. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imempa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mashtaka haki ya kupata mkalimani bila malipo. Lakini nenda ukakae siku moja katika viti vya nyuma, umtazame mama mzee akimkodolea macho mkalimani ilhali mawakili wanajibizana kwa Kiingereza. Utaona mambo ya mwaka 1362 kwa macho yako.

Njiani kuelekea magharibi usiache kutazama vibao. Hoteli, hosteli na hospitali ni neno moja lililovaa kanzu tatu: asili yake ni mahali pa kumpokea mgeni. Wafaransa walipoacha kuitamka s ya kale katika hoteli waliweka alama ndogo kama paa juu ya herufi o, mfano wa jiwe la kaburi. Mkenya naye akaishusha hadhi hoteli hata ikatosha kibanda cha chai na mandazi, jambo ambalo mimi sioni kosa ndani yake.

Tukifuata barabara ya Waiyaki tunafika Kangemi, penye bucha kando ya njia. Bucha! Kwa Kifaransa bouc ni beberu, na wataalamu hueleza kwamba mwenye bucha hapo kale alikuwa mchinja mabeberu. Waliosikia hotuba za siku za kupigania uhuru wanajua jinsi sisi wenyewe tulivyompa beberu maana ya pili, basi siongezi neno. Mwingereza humtaja ng'ombe kwa neno la babu zake akiwa malishoni, na kwa neno la Kifaransa akiwa mezani. Walter Scott alilipatia jambo hilo sifa katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819; ingawa kwa kweli hapo kale watu walichanganya, na hata ng'ombe mzima aliweza kuitwa kwa neno la mezani. Mswahili hakuona haja ya mambo hayo: ng'ombe ni ng'ombe, na nyama yake ni nyama ya ng'ombe.

Sasa turudi nyuma kidogo, tushuke kwa barabara ya James Gichuru mpaka Lavington, kwenye kanisa la Mtakatifu Austin. Hapa ndipo penye fumbo lililonifanya nikulete mbali hivi. Mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianzisha misheni yao mahali hapa. Walipanda kahawa, na mbegu yake ikaenea mashambani ikiitwa kwa Kiingereza kahawa ya misheni ya Wafaransa. Mwenzao mmoja, Padre Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, aliyakusanya maneno yetu katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939. Hao walikuwa Wafaransa wa nyama na damu. Lakini nikitafuta neno lililotoka kinywani mwa Mfaransa likaingia moja kwa moja katika Kiswahili chetu, la kukuonyesha nina divai tu, ambalo kamusi hulinasibisha na maneno mawili, du vin. Na hilo nalo ni la pwani. Mapadre walikuja kujifunza lugha za wenyeji ili wapate kufundisha. Hawakuwa na polisi, wala korti, wala mtoza kodi.

Mashariki mwa Kongo, walikotawala Wabelgiji kwa lugha ya Kifaransa, mambo ni mengine. Huko Mswahili huenda biro, sisi twaenda ofisini. Wakongo wengi wanaishi Nairobi siku hizi, na ukimsikia mmoja wao akiuliza iliko biro, na mwenyeji akimjibu kwamba ofisi imekwisha kufungwa, jua kwamba maneno yote mawili ni ya Kifaransa: moja limepitia Brussels na la pili limepitia London.