Matumbawe: Si mawe, ni wanyama wanaowajengea wengine makazi

MKAZI wa Mbwawa, wilayani Kibaha, haoni bahari anapofungua dirisha lake. Hata hivyo, mkoa wake ndio unaoitwa Pwani, na ndani ya mipaka yake kimo Kisiwa cha Mafia, ambacho bahari yake ina matumbawe yenye utajiri mkubwa wa viumbe.

Samaki wengi wanaofika sokoni, wakiwamo changu na chewa, hutegemea matumbawe hayo katika sehemu fulani ya maisha yao.

Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Wengine, kwa kuyatazama matawi yake, hudhani ni mmea. Ukweli ni kwamba tumbawe ni mnyama asiye na uti wa mgongo, mwenye undugu na konyeza, yule kiumbe wa majimaji anayewawasha waogaji.

Kile kionekanacho kama jiwe moja ni mkusanyiko wa maelfu ya vinyama vidogo viitwavyo polipu. Kila kimoja kina mdomo uliozungukwa na minyiri ya kunasia chakula. Vinyama hivyo huchukua madini kutoka katika maji ya bahari na kujijengea vikombe vigumu vya chokaa. Vikifa, vikombe hubaki, na vingine hujenga juu yake. Hivyo ndivyo mwamba unavyokua, kizazi juu ya kizazi.

Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Ndiyo maana miamba ya matumbawe hustawi katika maji ya kina kifupi, safi na yenye uvuguvugu.

Nyumba ya wengi

Miamba ya matumbawe imefunika chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari duniani, lakini inakadiriwa kuwa robo ya viumbe wote wa baharini huitegemea.

Pweza na kamba koche hujificha katika mapango yake. Samaki wachanga hukimbilia katika matawi yake wanapowindwa. Wamo pia kaa wadogo wanaoishi ndani ya matumbawe. Kiti cha pweza mwenye miiba anapokuja kulila, kaa hao humbana miguu kwa magando yao hadi aondoke. Mpangaji hulinda nyumba.

Pono naye hutafuna mwamba ili apate mwani, kisha hutoa chokaa iliyosagika, ambayo ni sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu.

Sekunde dhidi ya karne

Matumbawe ya mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Maana yake, tumbawe lenye kimo cha mita moja limejengwa kwa karibu miaka 100. Mlipuko mmoja wa baruti hulisambaratisha kwa sekunde moja. Vifusi vinavyobaki husukumwa huku na huko na mawimbi, na matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa milipuko. Aidha, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 822, ilianzishwa mwaka 1995, baada ya miamba ya huko kuathiriwa na baruti pamoja na uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya ujenzi.

Liko tishio lisilozuiwa kwa doria. Maji yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi moja au mbili za Selsiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe humtoa mwani wake, hupauka na huweza kufa kwa njaa. Hali hiyo iliyakumba maji ya Afrika Mashariki mwaka 1998, ikajirudia mwaka 2016 na tena mwaka 2024.

Tumbawe lililopauka bado liko hai, na joto likishuka mapema huweza kupona. Lililovunjwa kwa baruti halina nafasi hiyo. Joto la bahari haliko mikononi mwa mvuvi wala mlaji wa samaki, baruti iko.