Kasri la Seyyid Majid na Chimbuko la Dar es Salaam: Nyumba ya Ukoo wa Busaidi Isiyopata Mrithi, 1865–1891

1. Utangulizi

Neno "dar" katika Kiarabu lina maana ya nyumba au makazi. Wapo wanaolifasiri jina la Dar es Salaam kuwa "bandari ya salama", na kwa sababu hiyo historia ya jiji hili imezoeleka kuandikwa kwa kufuata gati, reli na biashara. Makala haya yanarejea kwenye nyumba yenyewe, yaani kasri ambalo Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar kati ya mwaka 1856 na 1870, alilijenga ukingoni mwa bandari katika kijiji cha Mzizima. Swali linaloongoza mjadala ni hili: kwa nini nyumba hiyo ilikufa pamoja na mwenyewe, ilhali mji uliozaliwa kwa ajili yake uliendelea kuishi? Hoja ya msingi ni kwamba sababu haikuwa uhaba wa fedha peke yake, bali pia namna ukoo wa Busaidi ulivyorithishana mali na madaraka.

2. Ukoo uliogawanyika

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akiacha makumi ya watoto waliozaliwa na masuria. Kasri lake la Mtoni, nje ya mji wa Zanzibar, lilikuwa makazi ya kundi kubwa la watu: watoto, masuria, watumishi na watumwa. Binti yake Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, aliyaeleza maisha hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Baada ya kifo cha baba, umoja huo ulivunjika. Majid alitawala Zanzibar, na Thuwaini alitawala Maskati. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash aliasi, akishirikiana na Waarabu wa ukoo wa Al-Harthi. Salme, akiwa bado kijana, alimsaidia Barghash kwa kumwandikia barua. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay.

Mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba dola igawanywe rasmi, na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Majid, basi, alikuwa mtawala mwenye deni la kudumu kwa kaka yake, mwenye wapinzani ndani ya nyumba ya baba yake, na mwenye balozi wa Uingereza mlangoni. Kujenga upya ng'ambo ya bahari, karibu na njia za misafara, kulimpa nafasi ya kuwa mbali na hayo yote.

3. Kasri na wenyeji wake

Ujenzi ulishika kasi katika miaka ya 1865 na 1866. Kulijengwa kasri la mawe ya matumbawe likitazama bandari, pamoja na nyumba za wageni na za maofisa. Kazi hiyo ilitegemea kwa kiasi kikubwa nguvu za watumwa. Mwezi Septemba 1867 Majid aliwaandalia karamu mabalozi wa mataifa ya Magharibi, ishara kwamba aliutaka mji wake utambuliwe.

Hata hivyo, hakujenga mahali patupu. Pwani hii ilikuwa tayari na mabwana wake. Majumbe wa Kishomvi, ambao mapokeo yao yanataja asili ya Barawa, walikuwa na miji yao Mzizima, Kunduchi na Mbwamaji, nao walifungamana na Wazaramo wa bara na viongozi wao waliojulikana kwa cheo cha Pazi. Makaburi ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China, yanathibitisha kwamba heshima ya nasaba ilikuwa na alama zake katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kinondoni muda mrefu kabla ya ujio wa Majid. Kwa hiyo, kasri liliweka uungwana mmoja juu ya mwingine. Simulizi inayoanza na Sultani pekee huwafuta waliotangulia, na kuwasahau watumwa walioyabeba mawe.

4. Nyumba bila mrithi

Majid alifariki mwezi Oktoba 1870. Masimulizi yanayodai kwamba alianguka ndani ya kasri lake jipya yanaonyesha jinsi watu walivyolihusisha jengo hilo na mwisho wake. Hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti, Khanfora. Aliyemrithi kitini ni Barghash, yule yule aliyemwasi.

Hapa ulinganisho na Uingereza una manufaa. Familia ya Egerton ilikuwa na shamba la Tatton, Cheshire, tangu mwaka 1598. Mali ilidumu karne tatu na nusu kwa sababu desturi iliiweka chini ya mrithi mmoja. Ilipofika kwa Baron Maurice Egerton, aliyejenga jumba jingine Njoro, Kenya, na kufariki mwaka 1958 bila mtoto, cheo kilikoma na Tatton ikapewa taasisi ya hifadhi ya taifa. Katika ukoo wa Busaidi mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya Kiislamu iligawa mali kwa warithi wote, wakiwemo wanawake. Ndiyo maana Salme, baada ya miaka mingi Ujerumani, alirudi mwaka 1885 kudai urithi wake. Cheo nacho kilikwenda kwa ndugu mwenye nguvu. Barghash hakuwa na sababu ya kutukuza ndoto ya mpinzani wake, na kimbunga cha mwaka 1872, kilichoharibu mashamba ya karafuu Unguja, kiliidhoofisha hazina. Kasri likaachwa lichakae.

Bandari, kwa upande wake, haikuhitaji mrithi wa damu. Mwaka 1877 William Mackinnon alianzisha kutoka hapo barabara ya kwenda bara. Mwaka 1887 kampuni ya Kijerumani ilifungua kituo chake. Mwaka 1890 Sultani aliiachia Ujerumani pwani kwa maki milioni 4, na mwaka uliofuata Dar es Salaam ikawa makao makuu ya koloni.

5. Hitimisho

Kasri la Majid halipo tena, lakini Boma la Kale, lililojengwa kama nyumba ya wageni wa Sultani, bado limesimama. Nyumba ya wageni imeishi kuliko ya mwenyeji kwa sababu kila utawala uliokuja uliipatia kazi. Matokeo haya yanapendekeza kwamba watafiti wa majumba ya kale ya pwani wasiishie kwenye kuta na milango, bali wachunguze pia sheria za mirathi zilizoamua ni nyumba ipi itatunzwa. Yanapendekeza vilevile kwamba historia ya Dar es Salaam ianzie Kunduchi na Mbwamaji kabla ya kufika kwenye kasri.