Bunduki za Zamani za Leva za .22: Mambo Ambayo Mkusanyaji Huangalia Kwanza

Huko Marekani wapo watu wanaokusanya bunduki za zamani kama wengine wanavyokusanya saa au stempu. Miongoni mwa zinazosakwa ni zile ndogo za leva: unasukuma chini kishikio kilichozunguka triga, unakirudisha juu, risasi inaingia.

Risasi zake za .22 hazina fataki katikati ya kitako. Kiwashio kimo ndani ya ukingo, na pini hugonga hapo pembeni.

Zinazotafutwa

- Winchester Model 1873 ya .22: ilitengenezwa 1884 hadi 1904, takriban 19,000 tu, wakati Model 1873 zote kwa jumla zinapita 700,000. Utaitambua: ubavuni haina kidirisha cha kupakia risasi.
- Marlin 39A: ilitoka 1939, lakini ukoo wake unaanzia Model 1891. Hufunguka vipande viwili kwa skrubu moja kubwa, hata kwa sarafu.
- Winchester 9422: 1972 hadi 2005. Hii ndiyo changa kati ya hizi.

Mwaka una maana kubwa

Sheria ya shirikisho ya 1968 huhesabu bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, na haifungwi na masharti ya kawaida ya kuuza na kununua. Kwa hiyo Model 1873 mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa pande mbili za sheria. Namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo huamua. Hata hivyo, kila jimbo lina sheria zake.

Kwa zilizotimiza miaka 50 kuna leseni maalum ya wakusanyaji: dola 30 kwa miaka mitatu.

Usiisugue!

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Mtu anapata bunduki ya babu, anaisugua na kuipaka rangi upya ing'ae. Thamani inaporomoka hapo hapo, maana mkusanyaji hulipia rangi ya kiwandani, hata ikiwa imefifia. Kutu nyepesi hutolewa kwa mafuta na taratibu.

Kosa lingine ni kufyatua ikiwa tupu. Pini inaweza kugonga ukingo wa chemba, chuma kikabonyea, na risasi zikaanza kukwama.

Na kabla ya kuipiga, fundi bunduki aikague. Nyingi za karne ya 19 zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, yenye nguvu ndogo kuliko risasi nyingi za leo.