Kiko Kipi Kinunuliwe Barabara ya Yide?

Barabara ya Yide, mjini Guangzhou, si ngeni kwa pwani yetu hata kwa mtu ambaye hajawahi kuikanyaga. Majongoo bahari wanaookotwa katika maji ya Afrika Mashariki, wakachemshwa na kukaushwa, huwa na soko katika maduka ya jumla ya barabara kama hii. Na kutoka maduka ya jirani hutoka vitu vya kuchezea watoto, mapambo na madaftari yanayojaza makontena ya Kariakoo na Eastleigh. Katikati ya bidhaa hizo yamo pia maduka ya zawadi, na humo nimeonyeshwa viko mara kadhaa. Mimi sivuti tumbaku. Nakusanya viko, na mkusanyiko unapoanza kukua swali hugeuka: mtu haulizi tena kama kiko ni kizuri, bali kama kinastahili nafasi kabatini kando ya vilivyotangulia.

Jibu langu ni kwamba kiko bora ni kile ambacho njia yake yaweza kufuatwa: udongo au jiwe lake, karakana yake, na mikono iliyokishika. Nakshi ni jambo la pili. Najua wako wakusanyaji wasiokubali kipimo hiki, na makabati yao yanapendeza kuliko langu.

Kwanza budi kutenganisha kiko cha tumbaku na kiko cha kasumba, kwa kuwa muuzaji huviita vyote vya kale na kuviweka rafu moja. Kiko cha tumbaku kina kikombe kilicho wazi juu, nacho tumbaku huungua humo ndani. Kiko cha kasumba ni mrija mrefu, na kikombe chake kimekaa ubavuni, mbali na mdomo. Juu kimefungwa, isipokuwa kitundu chembamba. Kasumba haichomwi kama tumbaku. Hupashwa moto juu ya taa mpaka itoe mvuke, na mvuke huo ndio unaovutwa kupitia kitundu. Chombo chenye kikombe kilichofungwa bila kitundu, au chenye kitundu kisichofika ndani ya mrija, hakikupata kuvutiwa na mtu yeyote; kilitengenezwa kwa ajili ya watalii.

Katika barabara hii tofauti hiyo ina uzito wake. Hapo ndipo lilipo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Nyumba ya Mawe, lililojengwa kwa matale kati ya 1863 na 1888. Misa yake ya Kiingereza ya Jumapili huwakusanya Waafrika wengi. Wachache kati yao huambiwa kwamba kiwanja hicho kilikuwa makao ya gavana mkuu wa Guangdong na Guangxi, na kwamba makao hayo yaliangamia katika Vita vya Pili vya Kasumba. Gavana mwenyewe, Ye Mingchen, alikamatwa na Waingereza Januari 1858, akapelekwa Calcutta, na huko akafa mwaka uliofuata. Miaka ishirini hivi kabla ya hapo, mwaka 1839, Lin Zexu alikuwa ameteketeza huko Humen, chini ya mto uo huo, zaidi ya makasha 20,000 ya kasumba ya wafanyabiashara wa kigeni. Kiswahili kimelichukua neno kasumba na kulipa maana ya pili, ya fikra za kutawaliwa zinazobaki kichwani baada ya mtawala kuondoka. Sijui lugha nyingine iliyoifupisha historia hiyo vizuri hivyo.

Viko halisi vya kasumba ni adimu kwa sababu vingi viliharibiwa makusudi, hasa katika kampeni za mwanzoni mwa miaka ya 1950. Uhaba huo ndio unaolisha biashara ya viigizo. Unaweza pia kumla mkusanyaji mwenyewe: Mmarekani Steven Martin, aliyeandika kitabu cha kuaminika kuhusu vyombo hivyo, aliishia kuwa mraibu wa kasumba, akasimulia mkasa wake mwaka 2012, na mkusanyiko wake akautoa kwa Chuo Kikuu cha Idaho. Vilivyo vya pembe za ndovu mimi sivigusi. China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa 2017, na hata bila sheria hiyo, Mwafrika Mashariki anayelipia pembe iliyochongwa Guangzhou ajiulize ilitokea wapi.

Kinachonivuta zaidi ni kiko cha maji cha mwanzi, kinene kama mkono wa mtu mzima, ambacho Wakantoni hukiita daai luk juk. Hakina nakshi yoyote. Tumbaku iliingia China mwishoni mwa karne ya 16 kutoka Luzon kupitia Fujian. Kwetu ilifika katika zama za safari za Wareno. Mmea ni wa ng'ambo kwa pande zote mbili, na pande zote mbili zikaamua kuupitisha moshi wake majini. Kiko chetu cha asili kilikuwa na majina kamili. Edward Steere aliyaorodhesha katika mwongozo wake wa Kiswahili wa 1870: bori ni kile kikombe cha udongo au jiwe, digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini, kiko chenyewe ni kile chombo cha maji, shilamu ndiyo inayokwenda mdomoni. Hata mbubujiko wa maji ulipewa jina: malio ya kiko. Nimewauliza wanafunzi wangu maneno haya; kiko wanakijua, mengine hapana. Makumbusho ya Ulaya yanavyo viko vya Kiafrika, na mara nyingi kadi yake husema "kiko, Afrika Mashariki", basi.

Hapo ndipo kiko cha Arusha kinapopata thamani yake. Katika bonde la Amboseli, upande wa Tanzania huko Sinya na upande wa Kenya pia, kuna sepiolaiti, jiwe jepesi ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, na ambalo kwa muda mrefu lilijulikana zaidi kutoka Eskişehir, Uturuki. Kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ililigeuza kuwa viko vilivyouzwa ng'ambo kwa jina la Kiswahili, Kiko, pamoja na alama ya tembo. Jiwe la Amboseli ni zito na gumu kuliko la Uturuki, wala halibadiliki rangi kwa ulaini ule unaosifiwa, kwa hiyo mengi yalitiwa rangi ya kahawia au weusi, au kikombe kikavishwa ngozi. Wajuzi wa Ulaya huviweka daraja la pili, na kwa mvutaji huenda wana haki.

Kwa mkusanyaji hesabu ni nyingine. Anayekishika atazame kwanza ndani ya kikombe kama kuna ufa, kisha kiungo cha mrija, kisha ngozi: ikiwa imeshonwa upya, thamani hushuka. Halafu asome muhuri. Neno Tanganyika humwelekeza kwenye miaka ya kabla ya muungano wa Aprili 1964, ingawa muhuri si cheti cha kuzaliwa, kwani karakana huweza kuendelea kutumia chuma chake cha zamani.

Kwa hiyo Yide nimenunua mwanzi, kwa bei ya chakula cha mchana, nikauliza ulikatwa mkoa gani na jibu nikaliandika. Cha Arusha nilikipata kwa barua kutoka kwa muuzaji wa Uingereza. Kadi zao ziko kabatini, zimejazwa kwa Kiswahili, sehemu kwa sehemu. Kwenye kadi ya Arusha nimeandika jiwe, mji, kampuni na alama ya tembo. Mstari wa jina la fundi bado uko mtupu.